Ngazi ya Furaha na Akina Mama wa Masara

Nilifika Masara alasiri ya Jumatano, vumbi limenijaa mpaka masikioni, mkononi nina kopo la halua na moyoni nina ujumbe. Halua ilikuwa ya binti yangu. Ujumbe nao ulikuwa wake, lakini huo sikuutoa siku ile wala siku ya pili yake, na sababu ya kutoutoa ndiyo makala yangu ya leo.

Msomaji ambaye hajafika pande hizo na aelewe kuwa Masara ni kituo cha soko katika Nyatike, kaunti ya Migori, magharibi ya mji wa Migori ukishika njia ya kuelekea Ziwa la Viktoria. Hapo karibu ndipo Macalder, palipokuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu na shaba zama za ukoloni, mgodi uliofungwa mwaka 1966. Mgodi ulifungwa lakini dhahabu haikuhama. Hadi leo watu huichimba kwa sururu na nyundo, aghalabu wanaume wakiteremka shimoni, na wanawake wakibaki juu kuyaponda mawe na kuuosha unga wake. Na upande wa ziwani, katika fukwe za Sori na Karungu, akina mama hununua omena, ndio dagaa wetu, wakawaanika na kuwapeleka masokoni. Hivyo Masara ni mji wa mama mwenye kazi. Asiyeosha mchanga huuza samaki. Asiyeuza samaki huwapikia chai na mandazi hao wanaoosha mchanga. Na wachache, kama binti yangu, hufundisha shuleni au hutumika katika zahanati.

Binti yangu anasomesha Kiswahili na historia. Mumewe yuko Mombasa, bandarini Kilindini. Mtoto wao, ambaye ni mjukuu wangu wa kwanza, ana miezi minane. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi darasani, na tangu hapo kila simu iliyotufikia ilikuja na lake: mara yaya ameondoka, mara mtoto hakulala, mara mama mtu amehomeka na vipindi havina mwalimu. Ukoo ukakaa kitako. Wajomba wakasema yao, na shangazi yangu, ambaye akinena hapana mwenye kunena baada yake, akakata shauri: "Nenda kamlete. Mwanamke hawezi kuwa na raha naye amekatwa vipande vitatu, kipande darasani, kipande kitandani kwa mtoto, kipande Mombasa kwa mume." Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa mama watoto ana goti linalomsumbua, na kwa kuwa mtunga mashairi hudhaniwa hana kazi.

Nakiri kwamba nilipopanda basi nilikuwa nimekubaliana nao.

Safari ya Mombasa hadi Migori, kupitia Nairobi, Narok na Kisii, humpa mtu nafasi ya kusoma na kulala na kusoma tena. Nilikuwa na karatasi zangu juu ya jambo hili la raha ya akina mama wafanyao kazi, maana wataalamu wa ng'ambo wamelipima kama wapimavyo vitambaa. Chombo chao mashuhuri ni ngazi. Aliyeibuni ni Mmarekani aitwaye Hadley Cantril, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965. Mtu huambiwa afikiri ngazi iliyohesabiwa kutoka sufuri hadi kumi. Juu kabisa ni maisha mema kupita yote ayawezayo kuyafikiri, na chini kabisa ni mabaya kupita yote. Kisha huulizwa: wewe umesimama daraja ya ngapi? Kwa swali hilo moja mataifa hupangwa kila mwaka katika Ripoti ya Furaha ya Dunia, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, na tangu mwaka 2018 nchi ya Ufini imekuwa ikitajwa ya kwanza mwaka baada ya mwaka.

Lakini kuna wataalamu wengine walioona ngazi haitoshi. Mwaka 2004 Daniel Kahneman, Alan Krueger na wenzao walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani. Hawakuishia kuwauliza juu ya maisha. Waliwauliza juu ya jana. Kila mwanamke aliigawa siku yake ya jana vipande vipande, kuamka, kupika, kusafiri, kazi, watoto, chakula, na akaeleza alivyojihisi katika kila kipande. Jibu lililotoka liliwashtua wengi: saa za kuwatunza watoto zilikuwa chini katika kupendeza, chini ya kupika na chini ya kutazama televisheni, karibu sawa na kazi za nyumba. Na mama hao hao ukiwauliza ni nini kiwapacho furaha duniani, wengi watakwambia watoto. Basi yupi mkweli, mama wa jana au mama wa maisha?

Wataalamu hao wakaenda mbele. Wakawalinganisha wanawake wa Columbus, katika jimbo la Ohio, na wa Rennes, mji wa Ufaransa. Wamarekani walikuwa wepesi zaidi wa kusema wameridhika sana na maisha yao. Lakini ilipohesabiwa siku yenyewe, saa kwa saa, wanawake wa Kifaransa ndio waliopitisha muda mchache zaidi katika dhiki ya moyo. Tena mama wa Kifaransa walikaa na watoto wao muda mfupi kuliko Wamarekani, lakini waliufurahia zaidi muda huo. Kahneman alidhani sababu yumkini ni kwamba Ufaransa mama hupata kwa wepesi mahali pa kumwacha mtoto, wala hashindi alasiri nzima akimwendesha huku na huko. Nami naongeza kuwa tangu mwaka 2019 sheria ya Ufaransa imemtaka kila mtoto aanze kupewa elimu afikapo umri wa miaka mitatu.

Hayo niliyasoma, nikayatia mfukoni, nikateremka garini.

Asubuhi ya Alhamisi binti yangu akaenda kazini, na mimi nikawa yaya. Usicheke, msomaji. Nilimpa mjukuu uji wake, nusu ukaenda tumboni na nusu kanzuni mwangu. Alipoanza kulia nikamfunga kwa kanga mbele ya kifua, kwa kuwa mgongoni sikuweza, nikatoka naye sokoni. Sikwenda hatua mia. Mama mmoja muuza samaki, mtu mzima wa makamo yangu, alinyanyuka nyuma ya marundo yake ya omena akanisimamisha.

"Jaduong'," akaniambia, na hilo ndilo neno la heshima la Wajaluo kwa mzee, "mtoto habebwi kama gunia. Mlete."

Akamtoa, akainama, akamrusha mgongoni, akavuta kanga, akafunga fundo. Kilio kikakoma. Kisha akarudi kupima samaki kwa kopo lake kama kwamba hakukuwa na jambo.

Jina lake sitalitaja. Wenziwe humwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwani desturi ya huko mwanamke aliyeolewa huitwa kwa nchi aliyozaliwa, hata akae kwa mumewe miaka arubaini. Nililipenda jambo hilo. Kwetu Mombasa mwanamke akizaa huwa Mama Fulani, jina lake likafunikwa na la mwanawe. Huko huitwa pia mama wa fulani, lakini sokoni atokako hakusahauliwi.

Nikaona hapa ndipo pa kuijaribu ngazi ya Bwana Cantril. Nikamweleza taratibu, juu kabisa hivi, chini kabisa hivi. Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi.

"Ngazi hiyo imeegemezwa wapi?"

Nikasema haikuegemezwa popote, ni ya kufikiri tu.

"Jaduong', hapa kwetu watu huteremka. Dhahabu iko chini. Aliyekaa juu kabisa bado hajapata kitu."

Wenziwe wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ingawa nilikuwa nikifikiria wale wataalamu na karatasi zao. Lakini Nyar Uyoma si mtu wa mzaha mtupu. Alipokwisha kumhudumia mnunuzi akarudi kwenye swali langu. Akasema yeye ni wa saba. Wanawe wanne wanasoma, wa kwanza yuko chuo kikuu. Deni la samaki amelimaliza. Chama chao cha akina mama kumi na wawili huchanga kila wiki, na zamu yake i karibu. "Lakini hiyo ni saba ya mchana," akaongeza. "Usiku mimi ni wa tatu, kwa sababu hesabu zote huja usiku."

Nikamuuliza ni lini alikuwa chini ya hapo. Akanijibu bila ya kushusha sauti, mbele ya wenziwe, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipokuwa kijana alikuwa akienda ufukweni mwenyewe kununua samaki, na huko kuna mambo yaitwayo jaboya. Mvuvi huwa na samaki wachache na wanunuzi wengi, basi mwanamke atakaye kupewa kwanza hutakiwa amlipe fedha na ampe na mwili wake. Habari hiyo ya Ziwa la Viktoria imeandikwa sana tangu ukimwi ulipoingia nchi hizo, na nilikwisha kuisoma. Kuisoma si sawa na kuisikia kwa mtu aliyembeba mjukuu wako mgongoni. "Wakati huo hata hiyo ngazi sikuwa juu yake," akasema. Siku hizi chama chao humtuma mtu mmoja mwaminifu ufukweni na fedha za wote, wala hapana mama anayekwenda kusimama peke yake alfajiri.

Jioni ile nikampigia simu dada yangu Mombasa, mjane auzaye bajia na viazi karai, mwenye watoto watano na paa livujalo. Nikamuuliza swali lile lile.

"Kumi," akasema.

"Kumi, dada? Na paa?"

"Sasa unataka nimwambie Mungu tisa?"

Na mwalimu mwenzake binti yangu, mama wa Kikisii mwenye watoto watatu, alisema ni wa tano, kisha akacheka akanieleza kwamba hata akiwa wa nane hatasema, maana ukisema wa nane kesho watakuja watu wa nyumbani kukopa.

Hapo basi ndipo nilipoanza kuzitilia shaka hesabu za mataifa. Dada yangu ametoa kumi kwa shukurani, Mkisii ametoa tano kwa tahadhari, Nyar Uyoma ametoa saba na tatu kwa ukweli wake, na mpiga hesabu wa mbali angesema wa pwani ana raha kupita wa bara. La hasha. Sisi wa pwani tumelelewa tukiogopa kijicho. Mtu akiulizwa hali husema njema, akiwa hata na jeneza nyumbani atasema njema kwanza. Wajaluo wana neno nyadhi, ambalo ni lile ringo la mtu kujionyesha bila ya haya kwa uzuri wake na mali yake. Nilifikiri hilo ni la nguo na magari tu. Kwa akina mama wa sokoni niliona ni zaidi: mwenye ringo la kuitaja heri yake ana ringo la kuitaja na shari yake pia. Mimi naona afadhali hivyo, ijapokuwa shangazi yangu akisoma haya atanuna.

Maneno yenyewe nayo yana mambo. Kwa Kijaluo mtu mwenye furaha husema chunya mor, na hiyo chuny ni moyo na ni ini pia. Washairi wetu wa zamani nao walilia kwa maini. Sisi tuna furaha, tuna raha, tuna ridhaa, na tuna neno nililofundishwa mapema sana na mwalimu wangu wa chuoni, kinaa, nalo ni kutosheka na ulichopewa. Mwalimu alilisema akiwa ameinua kidole, na sisi tulitikisa vichwa ili tuachiwe twende tukacheze. Lakini tazama Waswahili walivyolifanya neno hilo. Mtu akisema amekinai, yaweza kuwa ameridhika, na yaweza kuwa amechoshwa hata hataki tena. Nadhani waliolitumia hivyo kwanza walikuwa akina mama jikoni.

Mama yangu alikuwa mama mwenye kazi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Katika miaka ya 1970, Mji wa Kale Mombasa, alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda mahamri na kukaanga. Mimi na ndugu zangu tuliyapitisha mlango kwa mlango kwa sinia kichwani, kisha ndio twende chuoni. Nilikuwa nikimsikia akiimba nyimbo za lelemama pale jikoni gizani, nikaja nikaandika mashairi mawili juu ya mama mwenye furaha aimbaye mbele ya moto. Yalitolewa redioni, watu wakayapenda. Miaka mingi baada ya kufa kwake, shangazi yangu, huyu huyu mkata shauri, akaniambia: "Alikuwa akiimba asisinzie akaungua na mafuta."

Sikumuuliza hata mara moja. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa kitabu cha maisha ya mabibi watatu wa Mombasa, kila mmoja akijieleza mwenyewe, na nilipokisoma nilistaajabu kuwa kuna watu waliokaa mkekani wakamuuliza bibi kizee, ilikuwaje? Mama alikuwa hai wakati huo. Nikakifunga kitabu, nikamwambia aniletee chai.

Ijumaa nilikwenda kwenye mashimo. Binti yangu aliniambia yaya wake wa kwanza yuko huko, na nilitaka kumwona, nakiri, nimlaumu. Msichana yule alikuwa mtu wa miaka kumi na tisa au ishirini, na aliondoka siku moja asubuhi bila ya kuaga, akamwacha binti yangu mlangoni na mtoto mkononi na kengele ya shule inalia.

Nikamkuta ameinama juu ya karai, mikono mpaka viwikoni ni tope jekundu. Kando yake, chini ya kivuli cha turubai, alikaa mtoto wa miaka miwili hivi akichezea kopo. Alinisalimu kwa adabu, akaniita baba, akauliza habari za mtoto wa mwalimu kwa jina lake. Lawama yangu ikapotea njia. Nikamuuliza yule wa kivulini ni nani.

"Ni wangu, baba."

Binti yangu hakujua kuwa ana mtoto. Msichana alimficha, kwa sababu watu hawamtaki yaya mwenye mtoto. Kwa miezi minne alimlea mjukuu wangu, na wake alikuwa kwa mamake, mwendo wa nusu siku, na kila mjukuu wangu alipolia yeye alisikia wake. "Mwalimu alikuwa mwema kwangu," akasema. "Alikuwa akilia jikoni kwa kumwacha mtoto kwenda kazini, na mimi nilikuwa nikimbembeleza. Sikuweza kumwambia na mimi nimemwacha wangu."

Nilikaa juu ya jiwe. Katika wanawake 909 wa Texas, na wa Columbus, na wa Rennes, nilijiuliza ni wangapi waliokuwa na mtu wa namna hii nyuma ya mlango, na huyo nani alimuuliza juu ya jana yake?

Ngazi yake aliielewa mara moja. Kwa binti yangu alikuwa wa tatu, ingawa alilala kitandani na kula vizuri. Sasa ni wa sita. Dhahabu huuzwa kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu, na kuna siku hapati hata pointi moja. Lakini mtoto yuko pale, akinyoosha mkono anamgusa.

Sasa sikiliza lililo zito. Ili kuikamata dhahabu iliyo katika unga wa mawe, wao hutia zebaki. Zebaki huishika dhahabu ikawa donge, na donge huchomwa motoni, zebaki ikapaa hewani na dhahabu ikabaki. Moshi huo ni sumu ya mishipa ya fahamu na ubongo, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na waliomo matumboni. Duniani inajulikana hivyo tangu msiba wa Minamata, Japani, uliogunduliwa mwaka 1956, na mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kuizuia zebaki umepewa jina la mji huo. Nilimwona msichana akiifinya kwa vidole vitupu. Nikamwambia. Akaniambia anajua, wameelezwa na watu wa afya, na donge lake humpa mtu mwingine alichome mbali na mtoto. "Mbali" yenyewe niliipima kwa macho. Ni kama kutoka kibla hadi mlangoni katika msikiti mdogo. Basi mama yule amempata mwanawe karibu, na ukaribu huo una sumu ndani yake. Mpe daraja wewe, msomaji, mimi sikuweza.

Zamani za Wajaluo tatizo hili lilikuwa na mwenyewe. Bibi mzee, aliyepita umri wa kuzaa, aliitwa pim, na nyumba yake siwindhe. Watoto walipelekwa kwake wakakua pamoja, wakalishwa, wakasikia ngano, wakafundishwa nani ni nani katika ukoo, na mama zao wakawa na mikono ya kulimia. Mtoto wa miaka michache ndugu yake mkubwa alimbeba akaitwa japidi. Na kwetu je? Mimi nililelewa na bibi yangu, na mama mkubwa, na jirani aliyekuwa na haki ya kunichapa bila ya kuomba ruhusa. Mkono mmoja haulei mwana, twasema, na tulikuwa tukisema kweli kwa sababu mikono ilikuwako. Mahamri ya mama yangu yalikaangwa na mama, lakini yaliwezekana kwa bibi.

Leo mikono imetawanyika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Mambo mazuri. Binti yangu alikuwa akikamua katika ghala ya vitabu, mlango ameuegemeza kiti. Ufini, kwa upande wao, tangu mwaka 2022 kila mzazi, baba na mama, ana siku za kazi 160 za kulipwa akae na mtoto. Na Nyar Uyoma nilipomuuliza juu ya likizo alinihesabia kwa vidole: alijifungua mtoto wa nne siku ya Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata alikuwa nyuma ya omena wake. Nani ampe likizo, naye ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa?

Lakini Masara wamejitengenezea siwindhe yao. Nyar Uyoma ndiye aliyenipeleka, nyuma ya soko, kwa bibi mmoja wa miaka zaidi ya sabini. Chumba kimoja cha mabati, mkeka, sufuria kubwa ya uji, na watoto tisa wa akina mama wa sokoni. Kila mama hulipa shilingi 50 kwa siku. Asiye nazo huleta kuni au samaki. Nilimkuta bibi akiwasimulia hadithi ya sungura kwa Kijaluo, na mtoto wa Kisomali wa duka la jirani akicheka mahali panapostahili. Nikamweka mjukuu wangu mkekani. Bibi akamtazama, akamshika kidevu, akamuuliza kwa Kiswahili chake kama ni Mwarabu. Nikamjibu kuwa ni Mmvita. Akasema uji ni ule ule.

Usiku wa Ijumaa, mtoto amelala, nikamweleza binti yangu habari ya yaya. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Angeniambia, angemleta wangewalala wote hapa." Akainuka akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Hapo nikaona sasa niutoe ujumbe. Nikaanza kwa mbali, kama tufanyavyo wazee, nikataja ukoo, nikataja shangazi, nikataja vipande vitatu. Hakuningoja nifike.

"Baba, nikiwa darasani sikumbuki kama nimechoka. Watoto wale wakishika maana ya neno nawaona machoni. Nikitoka mlangoni ndipo uchovu unaponikuta umenisubiri. Nikiacha kazi, uchovu utakwisha au utabaki peke yake?"

Nikasema mwanamke kukaa na mumewe ni jambo la heri.

"Naam, ni heri. Na mume wangu ameomba kazi Kisumu, hilo hamkuulizana kikaoni?" Hatukuulizana. "Tena ni wewe uliyenifundisha kwamba Bibi Khadija alikuwa na misafara ya biashara yake huko Makka, na watoto alizaa. Na mwalimu wangu alikuwa akitusomea habari za Grace Ogot, muuguzi, mwandishi, mbunge, mama wa watoto wanne. Mbona hukuniambia wakati ule kwamba hao ni wa hadithi tu?"

Nikatafuta jibu. Nimeshinda mashindano ya kujibizana kwa mashairi, Lamu na Mombasa, na jibu sikuliona.

"Wewe u daraja ya ngapi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Leo? Ya sita. Juzi ulipokuja ilikuwa ya nne." Akafikiri. "Na bibi, mamako, alikuwa ya ngapi?"

Nikamwambia habari ya nyimbo na mafuta.

Jumamosi asubuhi mama watoto akapiga simu. Nilikuwa nje, mjukuu mgongoni, fundo nimelifunga mwenyewe ijapokuwa lilikuwa likiteleza.

"Umemwambia?"

"Mtoto ameota jino," nikasema.

"Nakuuliza, umemwambia?"

Nikamweleza yote, la yaya na karai lake, la bibi na uji wake, la mume na Kisumu. Nilimsikia akipumua. Nyuma yake nilisikia sauti ya shangazi ikiuliza anasemaje huyo.

"Huko kuna baridi usiku?" mama watoto akauliza.

Nikasema kidogo, asubuhi.

"Na ngazi za hiyo nyumba ni nyingi? Hili goti langu unalijua."

Nikamwambia nyumba ni ya chini, haina ngazi hata moja.

"Haya. Nikatie tikiti ya basi la Jumatatu, na shangazi yako usimwambie mpaka nishapita Mariakani."